Rejesta ya vidonge

Siku niliyomeza dawa ya presha mara mbili, mwenyewe sikujua. Nilijua tu kwamba nimeinuka kwenye mkeka, ua ukazunguka, nikajikuta nimekaa chini nimekumbatia ndoo. Mjukuu wangu ndiye aliyehesabu vidonge vilivyobaki akaniambia, "Bibi, kimoja kimezidi kuliwa." Nikambishia. Mimi, niliyefundisha hesabu miaka 37, nafundishwa kuhesabu na mtoto wa darasa la tano!

Kinachoniudhi ni kwamba kichwa hakijafutika. Nilianza kufundisha hapa Tanga mwaka 1975, na ilipofika 1977, enzi za UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, watoto walifurika mpaka wengine wakakaa sakafuni, tukawagawa zamu ya asubuhi na zamu ya mchana. Rejesta ya darasa lile ninayo kichwani mpaka leo. Akina Abdallah walikuwa watatu wamefuatana, wa tatu mtoro, siku ya gulio haonekani. Naweza kuwaita wote mpaka Zuhura wa mwisho bila kukwama. Lakini niulize kama mchuzi ulioko jikoni nimeutia chumvi.

Kliniki nilikwenda nimejiandaa kuambiwa jambo baya. Daktari, kijana wa umri wa mwanangu wa mwisho, hakukimbilia huko. Aliniuliza: mama, umewahi kupotea njia ya nyumbani? Chenji inakushinda kuhesabu? Jina likikutoka, hurudi baadaye? Akasema jina kukutoka sokoni likakurudia jioni ukiosha vyombo ni uzee wa kawaida. Kupotea mtaa uliouzoea, au kuuliza swali lile lile mara tano ndani ya saa moja, hilo lisifichwe nyumbani. Kisha akanipima damu. Metformini ya sukari nimeimeza miaka mingi, na kumbe dawa hiyo inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini, na B12 ikipungua sana, kumbukumbu nayo hulegea. Yangu ilikuwa chini. Nikachomwa sindano. Uchovu ulipungua, nisiseme uongo. Miwani bado naitafuta ikiwa usoni.

Habari ya vidonge niliitafutia ufumbuzi mwenyewe. Mjukuu alikuwa ameniwekea kengele kwenye simu. Ikalia, nikaizima, nikabaki nimeishika simu najiuliza ililia kwa nini. Ndipo nikanunua daftari nikalichora kama rejesta: siku juu, wanafunzi ubavuni. Wanafunzi wenyewe watatu tu, Presha, Sukari ya Asubuhi na Sukari ya Usiku. Mkono huu umetia alama za mahudhurio maisha yake yote, hauhitaji kukumbushwa. Chai haimiminwi kabla sijaita majina. Usiku nangoja taarifa ya habari ya saa mbili. Redio ikianza tu, nafungua daftari. Kalamu nimeifunga kwa uzi, maana yeye ndiye mtoro kuliko wote. Asiyehudhuria namwekea sifuri na siku inapita. Sifidii kwa kumeza viwili, hilo daktari alilirudia mpaka nikamwambia nimesikia. Niliporudi kliniki aliligeuza lile daftari ukurasa kwa ukurasa, akacheka alipokuta nimeandika kwa wino mwekundu, "Sukari ya Usiku: ajirekebishe."

Rejesta hiyo hiyo ya kichwani imeniokoa na aibu nyingine. Nikipita Ngamiani sikosi kusimamishwa na mtu mzima mwenye mvi: "Shikamoo mwalimu! Umenisahau?" Zamani nilikuwa najifanya namjua, naulizia wazazi, kumbe wazazi nimewazika mimi mwenyewe. Sasa naitikia marahaba, halafu namuuliza alimaliza mwaka gani. Akishautaja, naanza kuita majina kimoyomoyo huku yeye anaendelea na habari zake, na mara nyingi jina hujitokeza kabla sijafika herufi M. Mmoja nilimwambia, "Wewe si ndiye uliyekuwa unatafuna chaki?" Wenzake wakamcheka kijiweni.

Jiko ndilo lililonishinda kwa muda. Maharage yaliungua mara mbili, sufuria moja nikaitupa. Rejesta haisaidii hapo, kwa sababu anayesahau sufuria atasahau na kwenda kwenye daftari. Siku hizi nina sheria moja: kukiwa na kitu motoni, sitoki jikoni bila mwiko mkononi. Nikienda kupokea mgeni, ninao. Nikienda kuanua nguo, ninao. Mkono ukiona mwiko unauliza, wa nini huu?

Juzi nimefika nao mpaka dukani kufuata kitunguu. Muuza duka akarudi hatua moja nyuma. "Mwalimu, leo nani kakukosea?"

Nikautazama mwiko. Kitunguu nikakiacha hapo hapo juu ya mzani, nikarudi mbio.