Nilivyoliweza neno "fence" bila kukariri kamusi

Nikisikia mtu anamwambia anayejifunza lugha, "Wewe kariri tu maana zote za kwenye kamusi," hasira hunipanda. Nami nilipewa ushauri huo nilipoanza kutafsiri, nikaufuata, na neno la Kiingereza "fence", ambalo kwa kawaida ni ua au uzio, likanitoa jasho miezi kadhaa.

Ilikuwa hadithi ya upelelezi. Mwizi anaiba vito usiku, asubuhi anakwenda kwa "fence" wake. Nikaandika kwamba amekwenda kwenye uzio wake. Nilidhani amevifukia hapo. Sura mbili mbele, huyo "fence" anabishana bei! Nikabadili nikaweka "mlinzi", maana ua hulinda. Nikajaza kurasa kama arobaini za mlinzi asiyelinda kitu, mpaka polisi walipomkamata na vito ndipo nikaelewa: ni mnunuzi wa mali ya wizi. Nikafuta zote, nikaanza upya.

Hapo nikaacha kukariri, nikafuata asili. "Fence" ni "defence" iliyokatwa mwanzo wake, na chimbuko lake ni Kilatini "defendere", yaani kukinga. Tangu hapo huuliza: nani anakingwa na nini? Ua hukinga bustani na mbuzi. Mchezo wa vitara, yaani "fencing", uliomo kwenye Olimpiki tangu 1896, una ufundi wa kukinga pigo. Mnunuzi wa mali ya wizi hujikinga kwa usiri. Fedha zilizowekewa "ring-fence" zimekingwa zisiguswe kwa kazi nyingine, na hapo neno letu wigo hukaa vizuri mno.

Sisi tuna bahati ya ngeli. Ua *la* waridi na ua *wa* nyumba havichanganyiki, ukiongeza maua na nyua ndiyo kabisa. Kiingereza hakikupi msaada huo, kwa hiyo soma maneno jirani kwanza. Misemo nayo usiiguse neno kwa neno: anayekaa "on the fence" kwetu ni mguu ndani, mguu nje.

Msumeno wa meza ndio uliotaka kunishinda. "Fence" yake ni ule upau ulionyooka ambao ubao huegemezwa ili ukatwe sawa. Kinga yake ni kuuzuia ubao usiyumbe. Nikaandika "kiegemezo cha ubao", nikamsomea seremala, akakielewa papo hapo.