Jina lilikuwa ukurasa wa kwanza muda wote

Nilikuwa na miaka 11 nilipokisoma mara ya kwanza A Wizard of Earthsea, riwaya ya fantasia ya Ursula K. Le Guin kuhusu kijana anayejifunza uchawi, na tangu hapo nimekirudia sijui mara ngapi, ila zote hizo nilikuwa nameza tu bila kutafuna. Safari hii nimekisoma na penseli mkononi. Sababu yenyewe inatia aibu kidogo, nina muswada wangu wa fantasia umefika kurasa 60 na mhusika mkuu bado hajatoka nyumbani kwao, manake kila akitaka kutoka namsimamisha nimweleze msomaji kwanza uchawi wa nchi ile unafanyaje kazi, nani aliuleta, una sheria ngapi. Nikasema hapana, ngoja nirudi kwa huyu mama nione alifanyaje.

Naongea mpaka mwisho wa hadithi, kwa hiyo kama hujakisoma na unapenda kushtuka mwenyewe, ishia hapa.

Kitu cha kwanza kilichoniumbua ni kumbukumbu yangu mwenyewe. Kichwani kwangu joka lilikuwa nusu ya kitabu, moto, mabawa, vita vya siku nzima baharini. Kumbe ni sura moja kati ya 10, alafu yale majoka machanga kijana mhusika mkuu anayamaliza upesi upesi, na lile zee lenyewe wanaongea tu! Kijana yuko kwenye mashua, joka liko kisiwani, wanapatana bei kama watu wazima. Silaha yake ni jina, manake nchi ile ukijua jina la kweli la kitu una nguvu juu yake, na yeye amekaa na historia za zamani akakisia jina la kweli la joka na amekisia sawa. Sasa mle ndani kuna kitu nilikuwa nimekisahau kabisa: joka linamwambia naweza kukupa jina la kile kivuli kinachokuwinda (kiumbe alichokiachia mwenyewe, nitakifikia). Anakataa. Anachukua usalama wa wavuvi wa visiwa vile badala yake. Nilipokuwa mtoto pale nilipita mbio nikitafuta moto, na ndiyo sehemu yenye uzito kuliko zote.

Alafu mbuzi. Jamani wale mbuzi. Ni mwanzoni kabisa, kijana yuleyule bado ni mtoto wa miaka saba, hajui chochote, amemsikia dada wa marehemu mama yake akimtamkia mbuzi aliyepanda juu ya paa maneno fulani yenye vina na mbuzi akaruka chini. Kesho yake yuko malishoni anayajaribu yale maneno. Mbuzi wanakuja. Mwandishi mwingine (mimi) hapo angeweka mwanga, upepo, ardhi kutetemeka. Yeye hakuweka hata kimoja. Mbuzi wanakuja wote kwa pamoja, kimya, wanamtazama kwa yale macho ya njano yenye ufa mweusi katikati. Basi. Mtoto anacheka, anayarudia, wanazidi kumsogelea na kumbana mpaka pembe zao zinaanza kumtisha, na akitaka kukimbia wanakimbia naye, wanaingia kijijini wamebanana kama waliofungwa kamba moja na yeye katikati analia kwa sauti.

Nilinakili sehemu hiyo kwa mkono, nawashauri mjaribu, mkono ukiwa unaandika unagundua vitu ambavyo jicho linavipita. Nilichogundua mimi ni lile neno kimya. Mbuzi hawanyamazi, mtu yeyote aliyewahi kukaa karibu na mbuzi anajua, kwa hiyo ukimnyamazisha mbuzi umeshaonyesha uchawi na hujatumia hata senti moja ya maelezo. Na sheria ya uchawi ule msomaji ameshaipata bila kufundishwa: ukijua neno unaweza kuita, ila kuita ni rahisi kuliko kumwachia uliyemwita. Kitabu kizima kimekaa humo. Baadaye akiwa kijana, kwa kiburi cha kutaka kumwonyesha mwenzake wa shuleni kwamba anaweza, anaita roho ya marehemu, na kinachopenya pamoja nayo ni kivuli ambacho hawezi kukirudisha. Ni mbuzi walewale, wamekua tu.

Mimi sheria zangu za uchawi ziko kurasa 14. Nimezihesabu.

Lakini hasa kilichonifanya niandike haya ni aya ya kwanza. Nimeisoma aya ile tangu utotoni na ningeapa kwamba haina kitu, ni ya kufungulia mlango tu: kisiwa, mlima, bahari ya dhoruba, watu wa pale wanasifika kwa uchawi (nasema uchawi kwa kukosa neno, Kiswahili kimeshampa mchawi sifa mbaya tupu wakati huyu wa kitabuni ni msomi, ana walimu na vitabu). Kisha anakwambia mmoja wao alikuja kuwa bwana wa majoka na mkuu wa wachawi wote. Yaani ameshakupa matokeo! Swali la atapona au hatapona amelizima kabla mtoto hajazaliwa, na bado sura za mwisho nilizisoma roho juu, manake swali linalobaki ni atakuwa mtu gani akishapona, na hilo ndilo zito.

Sasa subiri. Nchi ile kila mtu ana jina la kweli analolificha, humpi mtu isipokuwa unayemwamini kwa roho yako, anayelijua ana nguvu juu yako. Mtoto anazaliwa na jina la kuitwa, anapewa lingine la utani, la ndege, Kipanga tuseme, na la kweli, Ged, ananong'onezwa akifika miaka 13. Na mwisho wa kitabu, baada ya kukimbia na kukimbizana, anasimama mbele ya kivuli na siri ya kivuli ni kwamba jina lake ni hilohilo, Ged, wanaitana kwa pamoja na wanakuwa kitu kimoja. Jina ndiyo funguo ya hadithi nzima. Na mama huyu amelitaja kwenye aya ya kwanza! Liko pale, anasema maisha yake yamesimuliwa katika utenzi unaobeba jina hilo na katika nyimbo nyingi, kisha anaendelea na mambo yake. Nilikaa na penseli hewani kama dakika nzima.

Mchezo huo kaucheza tena kwenye rangi. Wavamizi weupe wanaoshambulia kisiwa chake wanatajwa weupe wao mapema, ila mhusika mkuu unatembea naye sura mbili nzima kabla hujaambiwa, na hata hapo huambiwi yeye. Anaelezewa rafiki yake, kwamba ni mweusi, si mwekundu-kahawia kama Ged na watu wengi wa visiwa vile. Umeona? Habari kubwa imeingia kwa mlango wa nyuma, imebebwa na sentensi ya mtu mwingine. Mwaka 1968 hiyo.

Si kwamba kila kitu kimenipendeza ukubwani. Wanawake wamepewa makombo, kuna na msemo wa kijijini unaodharau uchawi wa wanawake ambao hadithi inaupitisha tu bila kuujibu, na naona mwenyewe uliendelea kumkera manake mwaka 1990 alirudi na Tehanu, kitabu kingine cha nchi hiyohiyo, akaliangalia jambo hilo kutokea upande wa pili.

Basi nikarudi kwenye muswada wangu nikiwa na moto. Kurasa 14 nimefuta (nimezihifadhi kwenye faili lingine, mimi ni mwoga). Siri yangu ni kwamba anayeiba mvua ya kijiji ni mama mzazi wa mhusika, nikaamua na mimi niiweke wazi ukurasa wa kwanza. Nikampa rafiki asome. Hakumaliza hata ukurasa wa pili, ananiambia mwizi si ni mama.

Nikafungua vitabu viwili meza moja, chake na changu, kidole huku kidole kule. Jina la Ged liko katikati ya sentensi, na sentensi yenyewe inaongelea nyimbo, ukisoma akili yako inakimbilia nyimbo. Mimi mkono wa mama wenye unyevu niliuweka mwisho wa aya, nikakata mstari, pale ambapo jicho la msomaji linapumzika na kuangalia. Jana usiku nimeuhamisha, sasa uko katikati ya ugomvi wa watoto kuhusu ndoo. Rafiki yule siwezi kumpa tena, ameshajua. Natafuta mwingine.