Siku moja maishani mwangu: korosho zilizotazama ukutani

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Ujumbe wa kwanza wa leo umetoka Muscat. Kule kunakucha saa nzima kabla yetu, na bibi yangu wa huko akishaswali Alfajiri harudi kulala. Si bibi wa damu. Ni mmoja wa watu watatu wanaonijaribia pateni zangu, yaani maelezo ya kufuma vitambaa kwa uzi na sindano yenye ndoano, kabla sijaziuza. Wengine wako Bukoba na Morogoro. Katuma picha ya kitambaa cheupe kimetandazwa juu ya zulia, na chini yake maneno: "Mwanangu, hujambo. Nimefuata ulivyoandika, sikuruka mstari. Korosho mbili zimetazama dirishani, tatu zimetazama ukutani. Nifumue, au ndio mtindo?"

Natamani ningejibu kwamba ndio mtindo.

Saa moja asubuhi

Chai, viporo vya mihogo, mtoto shuleni. Mikindani leo inanuka salfa, maana ni Septemba na jirani bado anapuliza mikorosho yake dhidi ya ubwiriunga. Shemeji kapita kuuliza kama nimeshapata "kazi ya maana". Nimemkaribisha chai.

Shemeji si wa kulaumiwa sana. Mtu anayefuma vitambaa na kuviuza anaeleweka, kwani bidhaa inaonekana, inashikika, inalipiwa. Mimi ninachouza ni karatasi, tena si karatasi hasa, ni faili la kurasa nne au sita lenye hesabu, mchoro na picha. Mteja analipa shilingi 5,000 kwa simu, namtumia kwa WhatsApp, anakwenda kufuma mwenyewe. Kufuma kwangu ni kwa ajili ya kupata cha kuandika. Kitambaa kikikamilika huwa nakitupia kwenye kochi letu na kukisahau.

Saa mbili

Sasa kosa lenyewe. Pateni hii ni ya kitambaa cha mgongo wa kochi, upana sentimita 45, na ukingo wake wa chini una mabibo matano yaliyoning'inia, kila moja na korosho yake. Nimeilenga kwa msimu. Mnada ukishaanza na hela ya korosho ikaingia, huku kwetu watu huoa, huezeka na hubadilisha makochi.

Bibo nililitoa kwenye umbo la nanasi. Aliyewahi kufuma vitambaa analijua nanasi: unasimamisha nguzo 13, yaani mafundo marefu yaliyosimama, ndani ya tundu moja zikafunguka kama kipepeo cha mkaa. Mstari unaofuata unazitenganisha kwa mnyororo mmoja mmoja, yaani kitanzi kilichovutwa ndani ya kitanzi, ukapata nafasi 12. Halafu unaingia kwenye matao ya mnyororo mitatu mitatu, matao 11, mstari wa pili 10, wa tatu 9, mpaka libaki moja kileleni. Uzuri wake ni kwamba halina hesabu ya kukariri. Kila mstari unapungua tao moja, basi.

Ila bibo halichongoki kwa chini, pale ndipo linapobeba korosho. Kwa hiyo nililikata kupungua kwenye matao manne, nikayabana pamoja kwa fupi nne, yaani mafundo mafupi kuliko nguzo, na hapo nikaning'iniza korosho: mnyororo 8, upande mmoja unajaza nguzo ndefu mbili mbili katika kila jicho la mnyororo huo, upande wa pili unaruka jicho moja moja kwa fupi. Upande ulioshiba unasukuma, ulio na njaa unavuta, kitu kinajipinda chenyewe kama figo. Nilipoipata hiyo niliinuka nikacheza peke yangu chumbani.

Tatizo ni kwamba kila bibo humalizwa peke yake. Unakata uzi, unahamia la pili, unaunga upya. Nami niliandika hivi: "Unga uzi kwenye tao la kwanza." Tao la kwanza la upande upi? Ukiunga kitambaa kikiwa kimekutazama usoni, korosho inapindia kushoto. Ukiunga kikiwa kimekupa mgongo, inapindia kulia. Mimi mwenyewe nilikuwa nakigeuza kila mara bila kujua kwamba nakigeuza. Mkono ulifanya, kalamu haikuona. Nusu ya kazi hii ni hiyo, kuuvizia mkono wako mwenyewe kama mtu anayevizia kuku anayetagia kichakani.

Nimeandika marekebisho: "Hakikisha uso wa kitambaa unakutazama kabla ya kuunga." Nimeyasoma. Yana maneno sahihi na bado hayanipendezi. Kitambaa cha matundu uso na mgongo vinafanana, anayeanza atavitofautisha vipi? Nimeongeza: "Funga kipande cha uzi mwekundu upande wa uso." Pateni inaanza kuonekana kama fomu ya mkopo.

Saa nne

Bajaji mpaka Mtwara mjini kuchukua kifurushi cha nyuzi kilichotumwa na basi kutoka Kariakoo. Niliagiza vibunda sita vya rangi ya bibo lililoiva, ile njano inayoelekea wekundu, namba ileile niliyoanza nayo. Namba ya rangi ni ileile kweli. Lakini kuna namba ndogo pembeni yake ambayo wauzaji wengi hawaitazami, inayoonyesha vibunda vilivyotiwa rangi kwa mkupuo mmoja. Hiyo ni tofauti. Nimevitoa juani pale pale stendi nikaweka na kibunda changu cha zamani: kimoja bibo, kingine embe dodo.

Muuzaji kwenye simu ananiambia, "Dada, njano ni njano." Nimekata simu kwa adabu. Kwenye pateni ninaandikaga kwa herufi nzito: nunua uzi wote kwa siku moja, linganisha namba zote mbili. Leo ushauri wangu umenirudia mwenyewe. Sikununua wote kwa sababu hela haikuwepo, na wateja wangu nao hununua kibunda kimoja kimoja kwa sababu hiyohiyo. Labda niandike namna ya kuficha tofauti badala ya kuhubiri: fuma mabibo yote kwa kibunda cha kwanza, kitambaa kwa kingine. Jicho halilalamiki pale vitu viwili tofauti vinapotofautiana rangi. Hilo nimelifikiria ndani ya bajaji wakati wa kurudi, na nadhani ndilo jambo la maana kuliko yote niliyofanya asubuhi hii.

Saa saba

Wali, kisamvu cha nazi, swala, dakika ishirini za usingizi ambazo sitaziombea radhi.

Saa nane

Kitambaa cha meza, cha duara, cha kwenda na seti. Hapa hesabu ndiyo bwana. Ukifuma duara kwa fupi, unaanza na 6 na kila mzunguko unaongeza 6. Kwa nguzo, ambazo ni ndefu zaidi, unaanza na 12 na kuongeza 12. Ukiongeza pungufu, duara linainama likawa kofia. Ukizidisha, pembeni panajaa mawimbi kama marinda.

Nilipokuwa naanza, mawimbi yale yaliniliza. Nilikuja kutulia niliposoma habari za Daina Taimina, mwanahisabati Mlatvia wa Chuo Kikuu cha Cornell kule Marekani, ambaye mwaka 1997 aliyatafuta mawimbi hayo kwa makusudi. Alifuma akizidisha kwa kipimo kilekile kila mstari, na akapata umbo ambalo wenzake walihangaika kulionyesha kwa karatasi, uso unaojitanua kadiri unavyokwenda mbali. Wanafunzi wakaweza kulishika mkononi. Mimi kitambaa changu kinatakiwa kulala mezani, kwa hiyo ni 12, 24, 36, 48 na kuendelea, ila nyongeza nazisogeza kila mzunguko zisipangane mstari mmoja. Zikipangana, duara linapata pembe.

Baadaye ni mzani. Nina mzani mdogo wa jikoni wa kupimia unga, nao unafanya kazi ya pili. Kitambaa kimoja cha kochi kimekuja gramu 62. Kibunda changu ni gramu 50 zenye mita 265, maana yake gramu moja ni mita 5.3, na kitambaa kimoja kinakula karibu mita 329. Seti ina vya makochi saba na cha meza kimoja cha gramu 110, jumla gramu 544. Vibunda 11 vinatosha kwa kubanabana. Naandika 12. Mtu aliyeishiwa uzi zikiwa zimebaki nguzo tisa hakusamehi.

Mita naziandika kwa sababu uzi nilioutumia mimi huenda Bukoba haupo. Gramu peke yake hazisemi kitu, pamba ni nzito kuliko akriliki. Naongeza pia kipimo cha mkono: nguzo 28 katika sentimita 10, sindano ya milimita 2. Atakayepata 24 anakaza kidogo au anashuka sindano. Atakayepuuza sehemu hiyo, na ni wengi, atafuma kitambaa cha kufunika friji.

Saa kumi

Wamekuja wasichana wawili waliomaliza kidato cha nne, wanajifunza kwangu mara mbili kwa wiki. Leo mmoja kaja na ushungi wa kichwani alioufuma kwa video ya mtandaoni, mdogo kiasi cha kumtosha mwanasesere. Nimemuuliza video ilisemaje. "Ilisema dabo." Video ni ya Kimarekani, na yeye kafuma dabo ya pateni ya Uingereza aliyoipata kwingine. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Fupi yangu, Mmarekani anaiita singo na Mwingereza anaiita dabo. Nguzo yangu, Mmarekani anaiita dabo na Mwingereza anaiita trebo. Neno moja, vimo viwili. Kafuma kazi nzima kwa fupi badala ya nguzo, ikanyauka.

Ndiyo maana mimi naandika fupi, nguzo, nguzo ndefu, mnyororo, tao. Kuna wanaoniambia dabo ndiyo neno la kitaalamu. Mama yangu amesimamisha nguzo tangu kabla sijazaliwa na hajawahi kufuma dabo hata moja. Maneno haya sikuyatunga yote, mengi nimeyaokota mdomoni mwake na mwa mashoga zake, kisha nikayafupisha: mny, fp, ng, ngn. Mengine sijayapata. Kuna nguzo inayosimamishwa kwa kuizunguka nguzo ya chini badala ya kuingia kichwani mwake, na mama anaiita "hii ya kukumbatia". Nimeiandika hivyohivyo, kmb.

Wakati tunakunywa chai, mmoja kanionyesha simu yake bila kujua anachonionyesha: pateni yangu ya mwezi wa sita imewekwa kwenye kundi la watu mia mbili na zaidi, bure, jina langu limekatwa juu. Nilinyamaza kidogo. Kisha nikaona mtu ameuliza humo, "Mstari wa 14 mbona haujumlishi?" na hakuna aliyejua. Nimekagua. Kweli haujumlishi, nimeandika 46 badala ya 48. Miezi mitatu wateja waliolipa hawakuniambia. Sikujua nikasirikie kipi.

Saa kumi na mbili jioni

Mama kaja kutoka shambani na kakuta kitambaa cha mfano kwenye mkeka. Yeye pateni hasomi. Anachukua kitambaa, anakigeuza mara mbili, anakipeleka kwenye mwanga, na kesho yake anacho chake. Nimemweleza habari za uso, mgongo, uzi mwekundu na bibi wa Muscat. Kasikiliza huku akichambua mchicha.

"Kwa nini umeanza na bibo?"

"Mama, bibo ndilo liko juu."

Kainuka kwenda kwenye mkorosho wa uani, karudi na kitawi, kaniwekea mapajani. Korosho tatu za kijani, nene, zimeshatimia kimo. Juu ya kila moja bibo bado ni kitu kidogo kama ncha ya kidole cha mtoto.

"Korosho hutangulia," akasema. "Bibo hufuata. Wewe umefuma kinyume, ndiyo maana vinagombana." Akarudi kwenye mchicha wake.

Nimezaliwa chini ya miti hii.

Saa tatu usiku

Mtoto amelala, umeme upo. Nimewaandikia watatu wote: simamisheni, samahanini sana, uzi mliotumia nitarudisha hela yake. Kisha nimechora upya. Korosho inafumwa kwanza, peke yake, mnyororo 8, unaipinda. Kwenye kichwa chake unafanya tundu la mnyororo 5, na ndani yake nguzo 13. Zinafunguka, tumbo la bibo hilo. Matao 11, 10, 9, yanapanda yakichongoka mpaka moja, na hilo moja ni kikonyo. Nanasi lilelile la siku zote, sikulikata wala sikulibana, nimelisimamisha tu juu ya korosho.

Ukishapata matano unayapanga mezani, unayageuza yote yatazame upande mmoja, ndipo unayaunga kwa vikonyo na kufuma kitambaa kwenda juu. Uzi mwekundu umetoka, na mistari kumi na moja ya maelezo imetoka nayo. Kurasa sita zimekuwa nne.

Muscat kajibu, saa nne usiku kwake, nilidhani amelala: "Zile tatu zilizotazama ukutani nimezizoea. Nitaziacha."

Nimeshika kitambaa cha mfano, siku tisa za kazi. Nimetafuta ncha ya uzi, nimeikata kwa meno, nikaanza kufumua. Njano ya bibo inatoka vizuri, kibunda kinajaa. Ni ile ya zamani, na inatosha mabibo matano.