Kumbukumbu ya ujenzi, Tororo: vali imekubali

Vali, yaani ule mfereji wa paa ambapo mabawa mawili ya nyumba yanakutana, imeacha kuvuja. Mvua za msimu huu zimeshapiga vya kutosha, za upepo na zisizo za upepo, na mbao zilizo juu ya kona ya sebule ni kavu, nimezishika kwa mkono. Naandika mambo yakiwa bado kichwani, kwa sababu kona hii moja imenila muda kuliko msingi, kuta na lenta kwa pamoja. Tena najua wengi wenye nyumba za umbo la L wanaambiwa na mafundi wao kilekile nilichoambiwa mimi: piga silikoni.

Kwa wanaofuatilia mradi huu: paa ni mabati ya boksi geji 28, kenchi za mkaratusi, mteremko nyuzi 15. Bawa kubwa lina upana wa mita 11, bawa dogo mita 6, na yanapokutana ndipo vali ilipo, juu kabisa ya sebule. Kwingine kote paa halijawahi kudondosha hata tone.

Huku kwetu Tororo, mashariki mwa Uganda, paa halipewi likizo. Rekodi za kati ya 1967 na 1976 ziliipa Tororo wastani wa siku 251 za radi kwa mwaka, na anayeishi hapa hashangai. Asubuhi jua kali, mchana wingu limeshaufunika mwamba mkubwa wa mji, alasiri maji yanamwagwa. Upande wa nyumba unaovumilia mvua ya kawaida unaweza kushindwa na robo saa ya mvua ya namna hiyo.

Shida ya kwanza ilikuwa kujua maji yanaingilia wapi. Sebuleni doa lilikuwa karibu na dirisha, lakini juu ya dirisha mabati ni mazima, hayana tundu. Nikapanda juu ya kuta kwa tochi mvua ikinyesha (dari haijawekwa bado, kwa hiyo unaona kila kitu) nikaangalia tone lenyewe. Lilikuwa linatembea. Linaning'inia chini ya papi (ubao unaopigiliwa mabati), linateleza nayo taratibu, linafika kwenye ncha ya msumari uliotokeza, linanenepa pale, ndipo linaanguka. Kutoka pale lilipoangukia hadi lilipotokea ni zaidi ya mita mbili. Nikaweka alama za chaki kwenye kila papi iliyolowa, na kesho yake kulipokauka alama zikawa zimepanga mstari mmoja kufuata ukingo wa vali, upande wa bawa dogo. Upande wa bawa kubwa hapakuwa na alama hata moja. Hilo lilinisumbua sana: mbona upande mmoja tu?

Fundi alisema, "Mama, hiyo silikoni imechoka tu, tuongeze."

"Fundi, silikoni iko palepale na maji yanaingia. Tutafute yanakopita."

Aliongeza hata hivyo, na ilivuja hata hivyo. Kuhusu silikoni nina la kusema. Ile ya bei nafuu inayonuka kama siki haifai kwenye bati la zinki kabisa, asidi yake inakula zinki na baada ya muda inabanduka kama ngozi. Iko ya aina nyingine isiyo na asidi, ni ghali zaidi, na hiyo ndiyo ya kununua. Lakini hata hiyo nzuri, kazi yake ni kujaza kiungo. Bati linapanuka kwa jua na kusinyaa kwa mvua kila siku ya Mungu. Ukitegemea silikoni peke yake kuzuia maji yanayotiririka, umeahirisha tu uvujaji.

Jaribio lililofungua mambo lilifanyika siku kavu. Nilichanganya maji na udongo mwekundu kwenye jerikeni, mepesi lakini yenye rangi, na kijana akayamwaga kutoka juu ya bawa kubwa, kwa kasi. Tukaacha jua likaushe. Halafu tukafungua skrubu za mabati ya bawa dogo na kuyainua taratibu. Chini yake, kwenye bati la vali, palikuwa na utepe mwekundu uliopanda kuelekea juu. Ulitoka katikati ya vali, ukavuka hadi upande wa pili, ukapanda chini ya mabati ya bawa dogo, ukafika ukingo wa bati la vali na kuupita kwa upana wa kidole. Kwenye mbao palikuwa na matope. Nililiangalia doa lile kwa muda mrefu, nimefurahi na nimekasirika kwa pamoja.

Maana yake ni hii. Mafundi walioezeka waliweka bati bapa lililokunjwa mara moja tu katikati, kingo zake zimeachwa wazi zimelala kwenye mbao. Kwa vali inayopokea maji sawa pande zote mbili, bati la hivyo linaweza kusalimika, maana mikondo miwili inakutana na kuzuiana. Vali yangu haipokei sawa. Piga hesabu ya eneo linalomwaga ndani yake: kutoka bawa kubwa ni kama mita za mraba 12, kutoka bawa dogo ni 4.5 tu. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa hiyo ikinyesha milimita 30 ndani ya nusu saa, lita 360 zinakuja kutoka upande huu na lita 135 kutoka upande ule. Karibu jerikeni moja ya lita 20 kila dakika, na sehemu kubwa yake inatoka mahali pamoja, kwa kasi. Mkondo mkubwa unausukuma mdogo, unavuka katikati, unapanda ng'ambo.

Kuna jambo la pili ambalo sikuwahi kusikia fundi yeyote akilitaja. Paa lina mteremko wa nyuzi 15 lakini vali yenyewe haina nyuzi 15. Vali inakwenda mshazari, kwa hiyo kimo ni kilekile ila njia ya ulalo imerefuka: kila mita moja ya paa inakuwa mita 1.41 ya vali. Ukikokotoa unapata takriban nyuzi 10.7. Yaani mahali panapobeba maji mengi kuliko pote kwenye paa ndipo palipolala zaidi kuliko pote. Anayechora ramani ya nyumba ya L kwa mteremko mdogo ili kuokoa mbao, alijue hili kabla hajakata mti wa kwanza.

Na la tatu, dogo: nilivuta uzi kutoka kofia (kilele cha paa) hadi fasia (ubao wa ukingo wa chini), nikakuta mbao zinazobeba vali zimelegea katikati. Mkaratusi unauzwa mbichi, unakaukia juu ya nyumba, unajipinda unavyotaka. Kwa nyuzi 10 mlegeo huo hautengenezi dimbwi, lakini unapunguza kasi ya maji, na majani ya mwembe wa jirani yanapata mahali pa kukaa. Majani yakikaa, maji yanapanda.

Sasa marekebisho. Nilinunua bati bapa la zinki geji 26, nene kuliko ya paa (kumbuka kadiri namba inavyoshuka bati linazidi kuwa nene), nikalikata vipande vya upana wa milimita 600. Kiini cha kazi ni tuta katikati: badala ya mkunjo mmoja unaoshuka, bati linakunjwa lipande kidogo pale katikati, kimo cha milimita 25, kote kuanzia juu hadi chini. Ukiliangalia kwa mbele lina umbo la W. Maji ya bawa kubwa yakija kwa kasi yanagonga tuta na kugeuka kufuata vali. Kingo za nje nazo zimekunjwa juu na kurudishwa ndani, pindo la milimita 20, ili maji yoyote yatakayofika huko yarudi.

Mabati ya paa yanaishia milimita 75 kutoka kwenye tuta kila upande, na yanalalia bati la vali kwa kama milimita 180. Hakuna skrubu hata moja inayotoboa bati la vali ndani ya eneo la maji. Bati linashikwa kwa vibanio vilivyokatwa kwenye masalio, vinashika pindo, vinapigiliwa kwenye mbao pembeni. Hapa nilibishana na fundi hadi jioni. Alitaka skrubu mbili katikati "lisipeperuke". Litapeperukaje, mabati ya paa yamelilalia pande zote? Nilisimama palepale mpaka vibanio vikafungwa.

Kiungo kimoja tu, kwa kuwa vali ni mita 4.3 na bati lina mita 2.44. Kipande cha juu kinalalia cha chini kwa milimita 200, katikati yake mistari miwili ya ile silikoni isiyo na asidi. Na chini ya mbao zilizolegea nikaweka nguzo fupi mbili zinazosimama kwenye ukuta wa ndani, uzi ukanyooka.

Kukunja tuta ndiko kulikotusumbua. Karakana ya kwanza tuliyoiendea ina mashine ya kukunja lakini walisema mkunjo wa karibu hivyo haiwezi. Tukafanya wenyewe nyumbani: vyuma viwili vya engo (vya umbo la pembe) virefu kuliko bati, klampu nne, bati katikati, na nyundo ya mbao. Usitumie nyundo ya chuma, inaacha mashimo madogo na zinki inapasuka. Unapiga kidogo kidogo kutoka mwisho mmoja hadi wa pili, unarudi, unapiga tena. Ukipiga mahali pamoja hadi mwisho bati linajipinda lote na hulinyooshi tena. Nilipoona tuta limetoka limenyooka kama reli, nilimwita kila aliyekuwa kwenye kiwanja aje aone.

Grinda. Naomba tuache kukatia mabati ya paa kwa grinda. Najua ni haraka. Lakini moto wake unaunguza rangi na zinki pembeni ya mkato, na cheche zinazoruka ni vipande vya chuma vya moto vinavyoganda kwenye bati la jirani. Msimu mmoja wa mvua na unaona vidoti vya kutu kila mahali. Mabati ya bawa kubwa yalikatwa hivyo kabla sijawa mkali, na kutu inaonekana kutoka barabarani. Ya bawa dogo tumeyakata upya kwa mkasi wa bati. Mkono unauma, lakini ukingo unabaki safi. Na skrubu, ukikaza kwa drili mpaka mpira wake ufurike pembeni umeshauua. Mpira unapaswa kubanwa tu, uonekane umejaa chini ya kofia ya skrubu bila kutokeza.

Tulirudia jaribio la maji mekundu kabla ya mvua. Kijana alimwaga jerikeni nzima kwa mkupuo, kwa makusudi. Utepe ulifika kwenye tuta, ukageuka, ukashuka hadi gata, mfereji wa kukinga maji ukingoni mwa paa. Upande wa bawa dogo ulibaki na rangi ya bati jipya.

Mpango ulikuwa vali ikikubali tuingie plasta ya sebule. Saruji nilishaweka pembeni. Lakini kuona maji yale yote yakimwagika kwenye mwisho wa vali kumebadilisha akili yangu. Upande ule wa paa unakusanya kwenye gata moja kama mita za mraba 60. Hata ukihesabu milimita 1000 tu kwa mwaka, na sisi tunapata zaidi ya hapo, ni lita 60,000 zinazochimba mtaro nyuma ya jiko langu huku nikilipia maji ya kusombwa kwa baiskeli. Plasta itasubiri. Ukuta wa tofali za kuchoma bila plasta haumdhuru mtu.

Kwa hiyo tangi. Lita 5,000, ambalo likijaa ni tani 5, basi msingi wake si wa kurundika tofali tu. Nimeshachimba duara hadi kwenye udongo mgumu, zege linamwagwa wiki hii na nondo ndani. Kinachonikwamisha ni maji ya kwanza, yale yanayosafisha vumbi na kinyesi cha ndege, ambayo hayapaswi kuingia tangini. Kanuni ninayofuata ni kutupa nusu lita kwa kila mita ya mraba, yaani lita 30. Wengi wanasimamisha bomba la inchi 4 lenye kizibo chini, likijaa maji safi yanapita juu kwenda tangini. Lakini bomba la inchi 4 linabeba kama lita 8 kwa mita moja. Kwa lita 30 nahitaji karibu mita 4 za bomba la kusimama, na kutoka gata hadi chini sina hata mita 3. Nafikiria kutumia pipa dogo badala ya bomba, na mpira unaoelea wa kuziba mdomo pipa likijaa. Pipa ninalo. Nimeomba fundi wa mabomba aje Jumamosi tujaribu mpira wa kuchezea wa watoto kabla sijanunua koki ya boya.