Tulitoroka na Wazazi Wetu

Mama aliposikia mpango wetu wa kutoroka tukaoane alicheka, kisha akaacha kucheka ghafla. "Mtu anayetoroka huwakimbia wazazi wake," alisema. "Wewe unatoroka, halafu unaniuliza nitavaa nini?"

Sikuwa na jibu la maana, kwa sababu ndivyo hasa tulivyotaka. Mimi na mchumba wangu tulikuwa tumehudhuria harusi kubwa nyingi mno, zile ambazo maharusi hukaa jukwaani mpaka usiku wakiwasikiliza watu wasiowajua wakimaliza hotuba. Tulichokuwa tunakikimbia ni ukumbi. Tulitaka ufuo wa bahari, asubuhi, maneno machache, basi. Tatizo ni kwamba kila tulipojaribu kuiwaza siku hiyo tukiwa wawili tu na mpiga picha, yeye aliliona pengo la mama yake, nami nikaliona la Bibi.

Baba, aliyefundisha historia mpaka akastaafu, alitupa somo. Alitueleza habari za Gretna Green, kijiji cha Uskoti kilicho mpakani na Uingereza. Sheria ya ndoa iliyopitishwa huko Uingereza mwaka 1753 ilibana: vijana wa chini ya miaka 21 walihitaji ridhaa ya wazazi. Upande wa pili wa mpaka sheria hiyo haikufika, na wapenzi waliweza kuoana kwa kutamka tu mbele ya mashahidi. Basi wakawa wanavuka, wanaingia kwa mhunzi, wanaozwa mbele ya fuawe, mara nyingine baba wa binti akiwa njiani anawafukuza kwa farasi. Mwaka 1856 wakubwa wakaweka sharti kwamba mmoja wa wanaooana awe ameishi Uskoti siku 21 kwanza, na mwaka 1940 ndoa za namna ile zikafutwa kabisa.

"Kwa hiyo hata wale wakimbizi walihitaji mashahidi," alimaliza, akinitazama juu ya miwani yake. "Nyinyi wenu ni nani?"

Tulikuwa hatujawaza, lakini jibu lilitutoka papo hapo: mama zetu wawili. Kuanzia dakika ile Mama hakuuliza tena tunatorokaje. Aliuliza kalamu ya kutia saini itakuwa ya rangi gani.

Kilichotuumiza kichwa zaidi kilikuwa orodha. Watu wengi wanadhani harusi ndogo inapunguza maneno. Mimi nasema inayaongeza, kwa kuwa kwenye harusi ya watu mia tano hakuna anayejiuliza kwa nini yeye. Tulijiwekea kanuni moja: wazazi, ndugu wa tumbo moja, na Bibi. Wenzi wa ndugu zetu hapana, watoto hapana, rafiki hata mmoja hapana. Mchumba wangu alisema tukifungua mlango kwa mtu mmoja nje ya kanuni, tutakuwa tumewafungulia wote waliosimama nyuma yake, na alikuwa sahihi. Lakini kanuni ile ilimwacha nje Shangazi, dada yake Baba, ambaye nilikaa kwake miaka yangu yote ya sekondari.

Nilikataa kumwambia kwa simu. Nilikwenda kwake, nikamwamkia, tukazungumza mambo mengine yote duniani, hadi mwenyewe akachoka.

"Sema ulichokuja kusema."

Nikasema. Akanyamaza, akakunja nguo iliyokuwa mapajani pake, akaikunjua, akaikunja tena.

"Nikija mimi, mjomba wako atauliza kwa nini yeye asije," alisema hatimaye. "Na akija yeye, mmeshapoteza hiyo harusi yenu ndogo. Niacheni. Nitanuna kidogo, halafu nitaacha."

Alinuna kweli, tena si kidogo. Hata hivyo, mpaka leo nawaambia wanaoniuliza: nendeni mkawaambie watu mapema, uso kwa uso ikiwezekana, na msiache ndugu yeyote akajua kwa kuona picha. Kuachwa nje ya orodha watu husamehe. Kugundua wenyewe hawasamehi.

Tarehe ilichaguliwa na mwezi, nikimaanisha ule wa angani. Ufuo tulioupenda ulikuwa mwembamba, na maji yakijaa sana mchanga wote ulimezwa mpaka kwenye mawe. Baba alijitwika kazi hiyo bila kuombwa. Alichapisha jedwali la kupwa na kujaa, akalibandika ukutani, akawa anatufundisha: kati ya maji kujaa mara moja na mara inayofuata hupita takriban saa 12 na dakika 25, kwa hiyo kila siku saa husogea mbele kwa kama dakika 50. Ukichagua siku kwa kuangalia kalenda ya kazi peke yake, unaweza kufika ukakuta bahari imekaa kwenye viti vyako. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, maji hujaa mno na kupwa mno. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, tofauti ni ndogo, bahari haiji juu sana wala haiendi mbali. Tukachagua asubuhi ya maji mafu, yakiwa yanapwa, ili mchanga uliotoka kuachwa na maji uwe bado na unyevu.

Unyevu huo ulikuwa kwa ajili ya Bibi. Kiti chake cha magurudumu kilizama kwenye mchanga mkavu tulipokijaribu, wala nguvu za kaka zangu hazikusaidia. Mchanga wenye unyevu ni mgumu, kiti hupita. Kwa hiyo kaka zangu wangetandika mbao kutoka njiani hadi pale unyevu unapoanzia, na kuanzia hapo Bibi angesukumwa kama barabarani. Kuna ufuo mwingine mzuri kuliko ule, wenye miamba na ngazi za kuteremkia, ambao mpiga picha aliusifia sana. Tuliukataa bila mjadala. Mahali asipofika Bibi hapakuwa mahali petu.

Karatasi tulizimaliza mapema wiki ile ofisini kwa msajili. Sheria hutofautiana: kuna mahali msajili anaruhusiwa kuja ufukweni, na kuna mahali ndoa haitambuliki isipofungwa ndani ya jengo lililosajiliwa. Kwetu ofisi ilikuwa rahisi zaidi, pamoja na kutoa taarifa ya nia ya kuoana na kusubiri muda wake upite. Mama wawili wakatia saini. Mama mkwe wangu aliandika jina lake polepole kama mtu anayefanya mtihani, na mimi ambaye nilikuwa nimejiambia kwamba hapo ni karatasi tu, nililia. Kibali cha kutumia ufuo tulikiomba kwa barua fupi. Kilipatikana kirahisi kwa vile hatukuleta mahema wala vipaza sauti.

Kukosa kipaza sauti ndiko kulikozaa ugomvi wa mwisho. Mawimbi hata yakiwa madogo humeza sauti ya mtu, na upepo huibeba kuelekea unakokwenda. Alfajiri na asubuhi mapema, nchi kavu ikiwa bado imepoa kuliko bahari, upepo mara nyingi hutoka bara kwenda majini. Jua likishapasha ardhi, hugeuka, ukaanza kuvuma kutoka baharini, na mchana huzidi nguvu. Hiyo ndiyo sababu tulitaka asubuhi. Lakini maana yake pia ni kwamba, ili tusikike, sisi maharusi tulipaswa kusimama upande wa bara, na familia isimame mbele yetu, karibu kabisa, bahari ikiwa nyuma yao.

"Yaani nimesafiri kote huku nije kuipa bahari mgongo?" Mama aliuliza.

"Umekuja kumwona nani, Mama?"

"Nimekuja kuwaona nyote wawili, wewe na bahari."

Siku yenyewe ilikwenda haraka kuliko maandalizi yake. Jua lilikuwa limetoka muda mfupi tu, na lile la mapema halichomi macho wala halichori vivuli vyeusi chini ya paji la uso. Nilivaa gauni fupi lisilogusa mchanga, viatu nikaviacha kwenye mbao. Viapo tuliviandika kwenye vijitabu vyenye jalada gumu, maana karatasi moja moja ingeondoka na upepo kabla ya "mimi". Bibi akapitishwa juu ya mbao, kaka zangu wakihema, yeye akiwaelekeza kama nahodha. Ndugu wa mume wangu walisimama nyuma ya mama yao. Tulikuwa karibu kiasi kwamba nilipotetemeka kwenye sentensi ya pili, Baba alinyoosha tu mkono akanishika kiwiko, bila kuhama alipokuwa. Kwenye ukumbi angekuwa meza ya mbali, akinitazama kupitia vichwa vya watu.

Mume wangu alipomaliza kusoma, mama yake akasema, "Rudia pale mwisho, sikusikia vizuri." Nadhani alisikia. Akarudia.

Baada ya hapo Mama alitoa amri moja: "Sasa geukeni." Wote wakageuka kuitazama bahari, na picha ninayoipenda kuliko zote ni ile, migongo ya familia yangu imepangana, kiti cha Bibi katikati, na Baba akitazama saa yake kuhakikisha maji yanapwa kama jedwali lilivyosema.

Tulikuwa tumekubaliana kwamba hakuna picha itakayotumwa kokote mpaka simu zote zipigwe. Mama akaanza na Shangazi, palepale ufukweni, kwa simu ya video, akaweka sauti ya nje ili sote tusikie.

"Wifi, tayari," Mama alisema.

Kimya. Tukasikia kiti kikisogezwa upande wa pili.

"Mimi bado nimenuna," Shangazi akajibu. "Geuza hiyo simu nimwone. Na huyo aliyesimama mbele ya mwanangu ni nani? Mwambieni apishe."

Aliyesimama mbele alikuwa Baba. Akapisha.