Sweta ya Simba

Leo baridi ya huku Uyole, Mbeya, imetuingiza ndani mapema. Watoto wa dada wakazunguka jiko la mkaa, wakataka hadithi.

Nikawasimulia ya mvulana wa Marekani anayecheza besiboli timu ya watoto, na mbwa wake asiyekosa mechi.

Besiboli hawajawahi kuiona. Nikawaeleza: mmoja anarusha mpira, mwenzake anaupiga kwa gongo, kisha anakimbia kupita vituo mpaka arudi alipoanzia. Kwenye ligi ya watoto iliyoanzia mji wa Williamsport, Marekani, mwaka 1939, kituo hadi kituo ni kama mita 18.

"Kumbe kama rede!" akasema mkubwa. Si sawasawa, ila nilimwelewa.

Nikafika pale mbwa anapozeeka, miguu haimfikishi tena uwanjani, mvulana anambeba kwenye toroli ili aone mechi.

Mdogo wao akanyanyuka. Hakusema kitu. Akavua sweta yake, akafungua mlango, akaenda kumfunika mbwa wetu Simba kibarazani. Nilichungulia: alikuwa anamfunga vifungo kimoja kimoja, kwa utaratibu kabisa, na Simba ametulia tu.

Akarudi anatetemeka. "Haya mama mdogo, endelea."

Jamani, sauti ilinikwama. Huku wengi tunafuga mbwa kwa ulinzi, akishabweka usiku tunaona inatosha. Huyu mtoto anampenda Simba kama ndugu yake.

Usiku huu Simba analala jikoni, nimeamua.

Kwenu mbwa anaruhusiwa kuingia ndani? Na watoto wenu wanamwitaje? Niambieni.