Ngome iliyosalimu amri

Nimelala mwendo wa dakika tano kutoka ngome ya Cahir, huku Ireland, na usiku kucha nimesikia maji. Mto Suir una kizingiti cha mawe karibu na kuta, maji yanakiruka kwa kishindo, na ukiacha dirisha wazi kidogo huhitaji kubembelezwa. Asubuhi mama mwenye nyumba aliniandalia mkate wao wa magadi, bado una moto, na siagi. "Ukipita langoni, tazama juu," akaniambia.

Nikatazama. Juu yangu lilining'inia lile geti zito la kushushwa, ncha zake zikielekea utosini mwangu. Linafanya kazi hadi leo. Akina Butler, ukoo wa makabaila, walipewa ngome hii mwaka 1375, na walikuwa na kila sababu ya kujiamini, maana imekaa juu ya mwamba katikati ya mto. Hata hivyo mwaka 1599 Earl wa Essex, aliyetumwa na Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza, alikuja na mizinga, na haikupita siku tatu akaitwaa. Risasi moja ya mzinga bado imenasa ukutani, duara jeusi ndani ya jiwe la kijivu, kama kokwa ya embe lililong'atwa upande mmoja. Nimesimama chini yake mpaka shingo ikaniuma.

Lakini si hiyo iliyonikaa rohoni. Mwaka 1650 alifika Oliver Cromwell, jemadari wa jeshi la Bunge la Uingereza. Miezi michache nyuma, mji wa Drogheda ulikataa kufungua malango, na watu wakauawa kwa maelfu. Cahir walipopata barua yake ya kuwataka wasalimu amri, walikubali. Hawakufyatua hata risasi moja. Wakatoka na roho zao, na kuta zikabaki zimesimama, ndiyo maana leo nimepanda ngazi zake nyembamba nikishika mawe yale yale.

Mimi ni mtoto wa Mombasa, kila ngome naipima kwa Fort Jesus. Kule waliozingirwa tangu Machi 1696 walikaza mpaka Desemba 1698. Njaa na maradhi yaliwala, hata Waomani walipoingia wakakuta watu wa kuhesabika tu. Utotoni niliamini huo ndio uanaume, kufia ukutani.

Hapo nikamkumbuka baba. Ndugu zake walipomgombania kiwanja cha Likoni, hakwenda mahakamani. Alitia sahihi akawaachia. Nilikuwa na miaka 19, na wiki nzima sikumsemesha, nilimwona ameshindwa. Tumemzika mwaka juzi. Jeneza, kwa mbele, lilibebwa na ami zangu wale wale, na mmoja wao alilia hata akashindwa kushuka kaburini. Nililiona lile siku ile na sikulielewa. Nimelielewa leo, nimesimama kwenye ukuta wa watu wengine, mbali na kwetu.

Jioni nikampigia mama. Nikamuuliza kama baba aliwahi kukijutia kile kiwanja. Alinyamaza kidogo. Akasema miezi yote ya ule ugomvi baba alikuwa akiingoja adhana ya alfajiri akiwa macho, amekaa ukingoni mwa kitanda. Usiku ule aliotia sahihi, adhana ndiyo iliyomwamsha.